Chokoleti ya Maharage na Maneno ya Kwenye Chupa

Nyie mnaobaki pale kiwandani Mlandege mmeniomba niandike kidogo kuhusu kazi ya kuonja, mkasema niandike kabla sijasahau. Sijaanza kusahau, ila nimewaelewa. Vyeo sitavisimulia, vilikuwa vichache na havikuwa na ladha, na mshahara mnaujua wenyewe. Nitaanza na siku ya kwanza, nitapitia mambo mawili matatu yaliyonisumbua, halafu nitafika kwenye ile chokoleti ya kupaka, maana najua ndiyo mnayoisubiri. Wengi wenu mliniona nikiinuka kwenye kikao kile, na yaliyobaki mkayajazia wenyewe.

Nilifika Iringa nikiwa binti mbichi kutoka Tukuyu, nimemfuata mume aliyepata udereva. Kiwanda kilikuwa banda moja la bati na masufuria makubwa ya nyanya. Nilianza kwa kuosha chupa. Siku moja mwonjaji mmoja aliumwa, na Mzee Kihwele, Mhehe mrefu asiyecheka ambaye hakuna kitu kilichotoka pale bila kupita mdomoni mwake, akaniita nikae kwenye nafasi iliyokuwa wazi. Akaniwekea visahani vitatu vya sosi ya nyanya. Cha kwanza nikasema kizuri. Cha pili nikasema kizuri sana. Cha tatu kilikuwa kimeungua, kinanuka moshi kabisa, nacho nikasema kizuri, asante baba.

"Binti," akasema, "umekuja kazini au umekuja ugeni?"

Kwetu, na hata kwao Wahehe, mtu akikuandalia chakula hukikosoi. Unakula, unashukuru, na kama kimekushinda unasema umeshiba. Ndivyo tulivyolelewa, na ni malezi mazuri, ila kwenye chumba cha kuonjea ni balaa. Mzee Kihwele alikuwa amepiga marufuku maneno mawili mle ndani, kizuri na kitamu. Ulitakiwa useme kitu kimekufanya nini: kimekubana wapi kwenye ulimi, kimebaki muda gani, kimekukumbusha harufu gani. Mtu mpya alikuwa anakaa wiki nzima hana cha kusema, kwa sababu umemnyang'anya maneno yote aliyofundishwa na mama yake.

Vifaa vyetu vilikuwa vya kawaida tu. Kijiko cha mti, kwa sababu cha chuma kina ladha yake. Maji ya vuguvugu. Tonge la ugali mkavu la kusafishia mdomo kati ya kisahani na kisahani, na hapo Mzee alikuwa anasisitiza ugali wa sembe usio na chumvi, akisema hicho ndicho chakula pekee duniani kisichojisifu. Hakuna kujipaka mafuta yenye harufu, hakuna kitunguu kibichi siku ya kuonja. Nyie mna mashine inayopima sukari na asidi, na naisifu, lakini mashine haijawahi kukunja uso.

Yeye ndiye aliyenifundisha kushuku. Kuna mwaka tuliletewa karanga za kung'aa, kubwa, na mfanyabiashara mwenyewe alikuwa mtu wa kanisani anayejulikana. Nilipoonja siagi yake, kwa nyuma kabisa ya ulimi kulikuwa na uchungu mdogo kama wa ganda la chungwa. Wenzangu wote walisema hamna kitu. Nilisimamia uchungu wangu mpaka gunia likafunguliwa mpaka chini, na chini karanga zilikuwa zimeota ukungu wa kijani. Kama mnavyojua, hiyo ni sumukuvu, na haimwangushi mtu leo, inamwua taratibu. Mfanyabiashara aliacha kunisalimia. Mwaka mwingine tuliwahi kukataa shehena ya matunda ya jamu kwa sababu yalinuka mafuta ya taa kwa mbali. Kumbe lori lilibeba mapipa ya mafuta ya taa siku iliyotangulia. Kwa mambo kama hayo nikajengeka hivi nilivyo. Nyumbani wanangu walikuwa wanalalamika kwamba hata mboga ya mama yangu mzazi naiangalia kwanza.

Mzee Kihwele alistaafu, akafariki kwao, na chumba nikaachiwa mimi. Miaka ikapita na sosi, jamu na siagi ya karanga. Halafu, nikiwa nimebakiza muda mfupi nami nistaafu, akaja Suzana.

Suzana mnamjua. Alikuwa mtaalamu wa chakula, kijana, mkataba wake ni wa kujaribu bidhaa moja mpya, na bidhaa ikikubalika ndipo mkataba uendelee. Bidhaa yenyewe ilikuwa chokoleti ya kupaka mkate, isiyo na maziwa, isiyo na siagi, isiyoongezwa sukari, yenye kalori pungufu. Mimi kitu kikianza kujieleza kwa visivyokuwemo, hamu yangu yote inageuka kuwa ya kutafuta kilichomo. Nikamwuliza. Akanijibu bila kusita: maharage kutoka Uyole, kakao ya Kyela, mafuta kidogo ya alizeti, na majani matamu yaliyokaushwa na kusagwa.

Nikamwuliza tena kama amesema maharage.

"Ndiyo, Mama Lusajo. Ukiyasaga sana yanakuwa laini kuliko siagi."

Nimekula maharage maisha yangu yote, na sikuwahi kuyaona yakitamani kuwa chokoleti. Nilimshuku yule binti tangu siku hiyo, na sitajifanya sikumshuku. Kisahani cha kwanza kilikuwa cheusi, kinang'aa, na kinanukia kakao kiasi cha kunikumbusha mizigo ya kakao iliyokuwa ikianikwa kando ya barabara nikienda kwa mjomba Kyela. Niliona wazi kwamba ni mtego. Utamu wake ulichelewa kidogo kufika, na ulipofika haukutaka kuondoka, kama mgeni aliyeambiwa akae kidogo tu. Nikamwambia hivyo. Akaandika, akapunguza majani, akaongeza chumvi kidogo sana, akarudi. Nikasema unga unabaki kwenye meno. Akaondoa maganda ya maharage kabla ya kusaga, akarudi. Nikamwambia sampuli za kuonja watu huwa wanazitengeneza vizuri kuliko zitakazouzwa, kwa hiyo nataka kuanza naye kwenye maharage mabichi. Akakubali bila kununa.

Tukaloweka pamoja, tukachemsha, tukasaga. Sikuondoa macho kwenye mikono yake. Nilisubiri atoe mfuko wa sukari mfukoni mwa koti lake, au kipande cha siagi, au unga wa maziwa. Hakutoa chochote. Nikaweka chupa moja kwenye dirisha linalopigwa na jua nione itajitenga lini, nyingine kabatini nione itachacha lini. Nikapaka kwenye chapati ya moto. Nikala nyumbani nikisubiri tumbo lijae gesi, na lilijaa kidogo, lakini siku ile nilikuwa nimekula na kabichi, kwa hiyo sikuweza kuihukumu. Ukweli ni kwamba nilikasirika. Nimezoea kushuku kitu na kukipata. Hiki nilikishuku kila upande na kila upande kikawa safi. Ilikuwa chokoleti nzuri ya kupaka, na hilo neno nzuri ni mara yangu ya kwanza kuliandika nikizungumzia kazi.

Wakati huohuo meneja wetu, ambaye jina lake naliacha kwa heshima, alikuwa anataka chupa za kupeleka kwenye maonyesho ya wakulima kule Mbeya. Lebo za kudumu zilikuwa hazijapita kwa wakaguzi, hivyo akachapisha za muda. Suzana alikuwa ameandika kalori pungufu. Zilipotoka, chini ya maneno yake kulikuwa na mstari mwingine kwa rangi nyekundu: Rafiki wa mwenye kisukari. Niliuona mstari ule chupa zikipakiwa. Nikamwambia meneja ule mstari unanipa mashaka. Akasema mimi hata Biblia ingekuja kwenye chupa ningeinusa kwanza. Watu wakacheka, na mimi nikacheka, na gari likaondoka.

Sasa inabidi niwaambie kuhusu dada yangu Tusekile. Yeye ndiye wa kwanza kwetu, mimi wa mwisho, na yuko Uyole tangu aolewe. Miaka mingi alikuwa anapikia madereva wa malori pale barabarani, chai ya maziwa na maandazi, na yeye mwenyewe chai yake ilikuwa na sukari ya kusimamisha kijiko. Kisukari kilipompata kilimchukulia vidole viwili vya mguu wa kushoto kabla hajakiamini. Tangu hapo amekuwa mtu wa vidonge na mboga za majani, na kila nikienda kumwona ananiuliza tunapika nini kiwandani, nami namsimulia jamu kama mtu anavyomsimulia mfungwa habari za nje.

Baada ya maonyesho, zilipita wiki chache, binti yake Lugano akanipigia simu. Akasema mama anakunywa maji kupita kiasi, haishi kwenda chooni, kizunguzungu kinamwangusha, na akiambiwa aende hospitali anasema anaendelea vizuri kuliko zamani. Nikaomba ruhusa, nikapanda basi asubuhi. Njia nzima kutoka Iringa, Mafinga, Makambako, mpaka naiona Uyole na malori yake, nilikuwa nawaza sukari, mguu, kidonda kipya. Chupa haikunijia akilini hata mara moja.

Nilimkuta amekaa sebuleni, midomo imekauka, amekonda usoni. Akanisalimia kwa Kinyakyusa kwa furaha, "Ugonile, Atu," nikajibu huku macho yangu yako mezani. Kulikuwa na chupa ya chokoleti yetu, imefunikwa kitambaa cheupe kilichofumwa, na pembeni yake kijiko kimesimamishwa ndani ya glasi ya maji safi. Mnajua kijiko kinachowekwa hivyo ni cha dawa. Hatuweki kijiko cha jamu namna hiyo. Jirani yake alimnunulia chupa ile kwenye maonyesho, naye akamtuma tena aongeze nyingine. Kijiko kimoja asubuhi kabla hajala, kingine jioni.

Nikamwuliza vidonge viko wapi.

"Vipo kabatini. Nimevipumzisha," akasema. "Huwezi kuchanganya dawa mbili tumboni, Atu. Wewe mwenyewe unajua."

"Dada, hii si dawa. Ni maharage."

Akanitazama kama vile mimi ndiye ninayeumwa.

"Maharage nimelima tangu tuko kwa baba," akasema. "Sijawahi kuona yaliyoandikwa kuwa ni ya wagonjwa. Halafu haya yanatoka kwenye kiwanda chenu. Ningekuwa natumia ya mtu nisiyemjua, ungenigombeza."

Alikuwa mwangalifu, na uangalifu wake ndio uliokuwa unamwua. Kwetu mtu mwenye adabu na dawa hachanganyi, hazidishi, na anaamini ya ndugu yake kuliko ya duka. Alifuata yote matatu. Sikubishana naye tena. Tulimpeleka hospitali mimi na Lugano, na mhudumu alipopima sukari alipima tena kwa kutoamini. Walimlaza, wakamtundikia maji, wakamrudisha kwenye vidonge. Mguu walisema umenusurika, ila angekaa vile siku chache zaidi wasingekuwa na la kusema. Nilikaa naye mpaka akaweza kugombana na wauguzi, ndipo nikajua nafuu imefika.

Nilimweleza pale kitandani, polepole, kwamba ile ni chakula. Kwamba mtu mwenye sukari anaweza kupaka kidogo kwenye mkate huku anaendelea na vidonge vyake, basi, hakuna zaidi.

"Kwa hiyo ni chakula tu," akasema, akageukia ukutani.

Nilirudi Iringa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo kazini. Kile kikao cha mwisho cha kuonja kilikuwa ndicho cha kuamua, na nyie mlikuwepo. Meneja alikuwa amekuja na oda za madukani, na wenye maduka walikuwa wamependa mstari mwekundu kuliko chokoleti yenyewe. Nilionja mbele yenu wote kwa utaratibu wa Mzee Kihwele, na nikasema nilichokuta: utamu unafika kwa wakati wake, unaondoka vizuri, hakuna unga, hakuna uchungu nyuma. Nikaona mabega ya Suzana yanashuka kwa raha. Halafu nikainuka, nikasema chokoleti naipitisha, ila lebo ile siipitishi, na nikawasimulia kijiko kwenye glasi ya maji.

Meneja hakukasirika, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Alinipa pole kwa upole kabisa. Akasema hakuna mahali palipoandikwa dawa, pameandikwa rafiki, na rafiki ni rafiki. Akasema mtu mmoja akielewa vibaya hatuwezi kusimamisha bidhaa. Akasema pia, na hili alisema akimtazama Suzana, kwamba bila mstari ule oda nyingi zitafutwa, na zikifutwa kila mtu humu anajua nini kinafuata. Nikamshuku Suzana mara moja. Nikasema moyoni, sasa huyu atanyamaza, na ningekuwa na umri wake na mkataba wake labda ningenyamaza.

Akasema, "Mimi niliandika kalori pungufu, kwa sababu nilipima. Hilo la rafiki hakuna aliyelipima. Mama Lusajo ndiye amelipima, na ameshatuambia jibu. Tuutoe huo mstari."

Alisema kwa sauti ndogo, akitazama meza. Kwa miezi yote ile nilikuwa nimemkagua kama gunia la karanga, na yeye ndiye aliyesimama nami wakati alikuwa na cha kupoteza zaidi kuliko mimi ninayestaafu. Nilimwomba radhi kesho yake jikoni. Akasema hakujua kwamba nilikuwa namshuku, alidhani ndivyo ninavyofundisha. Sijui kama alisema kweli, lakini nililipokea jibu lake.

Mstari uliondolewa. Oda zilifutwa kama meneja alivyosema, si zote, nyingi. Suzana aliongezewa mkataba mfupi na kuhamishiwa siagi ya karanga, na chokoleti inatengenezwa kidogo kidogo kwa maduka yanayoihitaji. Inaandikwa Chokoleti ya kupaka ya kakao na maharage, kalori pungufu, na hapo chini: Ni chakula, si tiba. Mkiambiwa muurudishe ule mstari kwa maneno mengine, na mtaambiwa, shukuni kila neno mnalopewa kama mnavyoshuku karanga. Lionjeni likiwa kwenye mdomo wa mtu anayeumwa.

Baada ya kustaafu, safari yangu ya kwanza ilikuwa Uyole. Nilikwenda na chupa moja mpya. Nilitaka nimpakie dada kidogo kwenye mkate mimi mwenyewe, aonje kama mtu mwingine yeyote, nione uso wake. Nilikuwa nimeingoja siku hiyo. Tusekile alikuwa amenenepa kidogo, anatembea na fimbo yake, ametengeneza chai isiyo na sukari ambayo wote wawili tuliinywa kwa uvumilivu. Nilipomkabidhi chupa aliivalia miwani. Akaizungusha yote, akasoma mbele, akasoma nyuma, akasoma mpaka chini walipoandika uzito.

"Yale maneno yamekwenda wapi?"

"Yameondolewa, dada."

"Nani kayaondoa?"

Nikamwambia ni mimi. Nilidhani atafurahi, au angalau atatania. Aliendelea kuishika chupa mapajani, kidole gumba kinapita pale ule mstari ulipokuwa.

"Yale maneno yalikuwa yananiamsha asubuhi, Atu."

"Yangekuua."

"Najua. Vidonge ndivyo vinavyoniweka hai, najua. Lakini navinywa miaka yote hii, na hakuna hata kimoja kilichowahi kuniambia nitapona."

Ningeyaondoa tena kesho, na inaniuma hivyohivyo. Alichukua kidonge chake, akakimeza kwa chai ile, akahakikisha nimemwona. Halafu akamwita Lugano, akampa ile chupa bila kuifungua.

"Wapelekee watoto," akasema. "Ni chakula."